Nusu Yako Imetoka, Dada Moza

Ibra,
Jumamosi, mwanzo wa Rajabu

Kwa dada yangu Moza,
Kikwajuni, Unguja

Shikamoo Dada,

Nakuamkia kwa mkono huu huu ulioufundisha kushika kalamu, na ukiona herufi zimekwenda upande usimlaumu mwalimu. Vipi hali yako? Vipi goti? Ulisema daktari kakupa mafuta ya kujichua nawe ukampa jirani, basi nataka kujua goti la jirani linaendeleaje. Na bomba la uani limetengenezwa, au bado mnachota nyumba ya pili? Shemeji naye kikohozi kimempungua? Sisi huku wazima, joto limeanza mapema, na mbuzi wa jirani wamemaliza mrehani wangu wote niliootesha kwa mbegu zako.

Ningekupigia simu, lakini tukishikana kwenye simu tunapiga kelele sote wawili, "hujambo hujambo, watoto hawajambo," mpaka salio linakwisha na hapana tulilosema. Na hili la leo si la kupigiwa kelele. Mie mwenyewe nimechanganyikiwa, na nimekaa kuandika nikitumai nikifika mwisho wa karatasi nitakuwa nimefahamu kidogo.

Nianze na la moyo, ili usilitafute kila mstari. Ile pumzi niliyokwambia inanikata nikipanda ngazi, wamenipima hapa Ibra kisha wakanipeleka Maskati kwa wakubwa wao. Wamesema mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa. Watanipasua baada ya Idi ndogo, waurekebishe. Daktari ni kijana mpole, alinichorea moyo kwenye karatasi, ukawa kama embe. Amesema wengi hupona. Sikuandikii ili ulie, Dada. Nakuandikia kwa sababu ya nusu yako.

Nitakukumbusha tangu mwanzo. Najua hujasahau, lakini mie nikiandika ndipo ninapofahamu. Baba alipotuandikia shamba la mitende la hapa, aliandika nusu yako na nusu yangu, kwa wino mmoja, mbele ya mashahidi. Wewe shamba lile hujaliona hata siku moja, lakini kila mwaka tende zako nilikupelekea, na kila mwaka uliniandikia kwamba zimefika lakini zimepungua. Kisha barabara mpya ikapita katikati. Serikali ikalipa fidia, na kwa kuwa wewe huna karatasi za Omani, fidia yote ikaandikwa jina langu. Nikakuuliza nifanye nini na fungu lako. Ukanijibu, na barua ninayo: "Ukiniletea huku zitaliwa na kila mwenye shida mtaa mzima, na wa mwanzo mie. Weka pamoja na zako. Mie na wewe si mmoja?"

Nikaweka pamoja. Mwanangu Nassor ndiyo kwanza alikuwa amepata kazi ya ualimu Nizwa, na akijua kila kitu. Akaniambia fedha zisilale benki bure, zitiwe kwenye akaunti ya akiba ya kuwekeza, katika kampuni iliyoko hapa Ibra, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Hao si benki. Unawapa fedha, wao wananunua sehemu za viwanda na majumba na sijui nini, nawe unapewa karatasi inayosema una vipande kadhaa. Vipande, Dada, si riali. Bei ya kipande hupanda na kushuka kila siku kama bei ya samaki, ila samaki unamwona. Kwa muda wa karibu miaka saba nimepokea karatasi hizo na kuzitia kabatini chini ya kanga bila ya kuzifahamu, na wala sikuona haya, maana nilidhani ndivyo zinavyotakiwa kuwa.

Siku niliyotoka kwa yule daktari, nikiwa garini na mchoro wa embe mkononi, jambo la mwanzo nililowaza halikuwa kisu. Niliwaza kabati. Nikifa, vipande vyote ni vyangu kwenye karatasi. Watagawiwa wanangu kwa haki ya mirathi, na nusu yako itakwenda humo humo, na hapana mtu atakayekuwa amekuibia. Hilo ndilo lililonitisha. Mwizi akiingia mtu hupiga ukelele, lakini hili lingepita kimya kimya, kwa haki kabisa, na wanangu wangekula mali yako wakinirehemu. Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nikaenda ghorofani.

Kule ghorofani yuko mtu mmoja, Ustadh Khalfan, Mwarabu wa hapa hapa Ibra, umri wetu sisi. Ndiye aliyenifungulia akaunti. Kila mwaka nikienda kuchukua karatasi hunimiminia kahawa, huniuliza hali yangu, hali ya watoto, hali ya wale mbuzi ambao si wangu. Nikamwambia kwa Kiarabu changu hiki, nataka anioneshe vipande vipi ni vya dada yangu.

"Ya Ummu Nassor," akasema, "vipande havina majina."

"Vyangu ni vipi basi?"

"Vyote vyako."

"Na vya dada yangu?"

"Ukisema ana nusu, basi ni nusu ya vyote."

"Nusu ipi?"

Akanimiminia kikombe kingine. Alinitazama kwa huruma, na mie nikamtazama kwa huruma, maana nilimwona naye hajui. Mwisho akanieleza kwamba kwao mtu mmoja ni akaunti moja, jina moja, na hawana ruhusa ya kunigawia mbili. Nikashuka ngazi zile nikipumzika kila baada ya hatua tatu.

Alhamisi Nassor akaja kama kawaida yake, nikamweleza. Kiswahili chake unakijua, ni cha vijana wa huku, kila kitu kwao ni "hii." Akasema, "Mama, basit, rahisi. Hii nusu ya mama mkubwa tunatoa hapa, tunapeleka kampuni ingine, iko Nizwa. Hapa yako, kule yake. Wale wanakubali kuandika jina ya pili chini ya jina yako. Khalas." Nikamuuliza kama inawezekana kuhamisha nusu tu na nusu ibaki. Akasema inawezekana, watu wanafanya. Nikaona mwanangu ana akili, nikampikia pweza wa nazi.

Tukaenda Nizwa. Ofisi yote vioo, baridi mpaka nikajifunika mtandio mara mbili. Tukapokewa na msichana mmoja, Basma, wazee wake ni katika wale Waarabu waliokuja kutoka Bujumbura. Kaniona tu, kainuka kitini: "Shikamoo mama." Moyo wangu mbovu ukampenda papo hapo. Kiswahili chake cha bara, nusu kizungu, lakini adabu anayo.

"Mama, sikiliza vizuri," akasema. "Wewe unasaini tu fomu yetu hii. Sisi tunawaandikia wale wa Ibra, wao wanatutumia nusu ya vipande, transfa dairekti. Pesa haigusi mkono wako. Ile miaka yako saba karibu inatimia, na ikitimia wanakupa zawadi juu yake. Ikihama hivi, miaka inaendelea kuhesabiwa. Ukitoa mwenyewe, inakatika. Kwa hiyo kule usiende kabisa."

"Na Ustadh Khalfan atajuaje?"

"Atapata barua."

"Kutoka kwangu?"

"Kutoka kwetu, mama. Ndivyo inavyofanyika."

Nikasaini. Nassor akafurahi, tukanunua halwa sokoni, tukarudi. Lakini njia nzima nilimuwaza Ustadh Khalfan. Yaani mtu aliyenikirimu miaka saba, atie mkono katika sanduku la barua, akute watu wasiomjua wanamwambia: lete mali ya Ummu Nassor. Mie nimo hapa hapa mjini, nampita kila Jumatano nikienda soko la wanawake.

Wewe unajua tulivyolelewa. Tulipohama Mchangani kwenda Kikwajuni, Mama alitushika mikono akatupitisha mlango kwa mlango, mpaka kwa yule muuza makaa waliyekuwa hawasemezani. Akisema mtu akitoka bila ya kuaga, waliobaki watahesabu vijiko. Na unajua vilevile nyumba moja niliyotoka bila ya kuaga. Baba alikuja alasiri akasema nafasi imepatikana melini ya kuja huku, twende sasa hivi. Wewe ulikuwa Pemba kwa wakwe zako, una mimba ya Rukia. Nililokuwa nalo lako ni lile gauni la kijani nililoazima kwako. Nikalipiga pasi, nikalilaza juu ya kitanda chako, nikatoka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku hiyo siwezi kuondoka mahali bila ya kuaga, Dada, hata dukani. Wanangu hunicheka.

Basi Jumapili asubuhi nikachukua sahani ya halwa, nikapanda ngazi za duka la magodoro.

Ustadh Khalfan akanipokea, kahawa ikaja. Tukaulizana hali, zikaisha zote. Nikamwambia, "Ustadh, nimekuja kukuaga. Ile nusu inaondoka. Umetuhifadhia miaka yote hii, na kama tumekukosea, tusamehe."

Akainamisha kichwa. Akasema, "Hapana mlilonikosea. Mali yenu, na nyumba hii yenu." Hakuniuliza kwa nini, maana kwao mgeni anayeaga haulizwi kwa nini, itakuwa kama unamzuia au unamlaumu. Na mie sikumtajia kampuni ya Nizwa, maana utamtajiaje mwenyeji wako nyumba unayohamia, kama kwamba ni bora kuliko yake? Tukakaa pale, kila mmoja kaficha neno moja kwa adabu, na maneno hayo mawili ndiyo yaliyokuwa yakitakiwa.

Akaniuliza tu kama ngazi zinanichosha. Nikamwambia kweli, moyo si mzima. Basi akasema nisipande tena, kila kitu tumalize pale pale. Akaleta karatasi, herufi ndogo kama chungu, akanionesha pa kutia saini, nikatia. Nilidhani ni karatasi ya kuagana. Usinicheke. Nilifikiri kama kuna karatasi ya kuingia, na ya kuondoka pia itakuwapo.

Siku ya tatu yake akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, na mfuko wa tende, na bahasha. Akanywa kahawa, akaniombea shifaa nipone, akaenda zake. Kufungua, naona cheki. Jina langu, na riali za nusu nzima. Nikaitazama huku na huku. Basma alisema fedha haitagusa mkono wangu, nami nimeishika. Nikaitia kabatini, nikasema labda ni nakala.

Alhamisi Nassor kaingia, nikamwonesha.

"Mama, hii nini?"

"Nusu ya mama yako mkubwa."

"Nani katoa?"

"Ustadh Khalfan kaileta."

"Kaleta kwa nini? Mama, ulienda kule?"

"Nilikwenda kuaga."

Aliilaza cheki mezani. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Mama. Nani anaaga kampuni?"

"Mwenye adabu," nikamjibu, na papo hapo nikajua kwamba nimeharibu.

Akatoka nje, akaosha gari ambalo alikuwa ameliosha asubuhi. Mie nikakaa jikoni. Dada, nilijiona mjinga. Mtu ana miaka hamsini na ushei, kalea watoto wanne, kafanya kazi ya kushona sare za hospitali mpaka vidole vimepinda, anashindwa kuhamisha kitu kwa kutokwenda mahali. Niliambiwa nisifanye kitu, na hilo ndilo lililonishinda.

Wala hayakuishia hapo. Jumamosi yake Ustadh Khalfan akanipigia simu, sauti imemkauka. "Ya Ummu Nassor, nimepata barua ya watu wa Nizwa. Wanataka nusu. Nusu ipi tena?" Maana ile fomu niliyosaini kwa Basma ndiyo kwanza imefika. Nusu yako imeshatoka, imebaki yangu, na sasa walikuwa karibu waikate nusu ya nusu yangu waipeleke Nizwa. Nikamwomba asimame kwanza, asiguse chochote. Ikabidi nimweleze yote, Nizwa na Basma na jina la pili. Alivunjika moyo maskini. Akasema, "Laiti ningekuuliza. Lakini uliniletea halwa."

Nikamuuliza kama anaweza kuirudisha cheki ndani. Akasema iliyotoka imetoka. Ile zawadi ya mwaka wa saba, imebaki miezi miwili tu kutimia, nusu iliyotolewa haitaipata. Hasara hiyo ni yangu, na nimeshamwambia Nassor mbele ya dada zake: itakapokuja zawadi ya nusu yangu, nakuletea wewe. Usiniandikie kwamba hutaki. Aliyeaga ni mie.

Sasa nikuulize, maana humu kichwani hamtulii. Fedha zile zile, za shamba lile lile. Zikitoka kwa Khalfan zikaenda kwa Basma kwa barua, ni za miaka saba. Zikitoka kwa Khalfan zikapita mkononi mwangu, zikafika kwa Basma, ni za leo. Mkono wangu una nini? Nimemuuliza Nassor, akasema, "Hii ndiyo sheria yake, mama." Nimemuuliza imamu wetu hapa msikitini, akaniambia haya si katika elimu yake, kisha akaniuliza mie kipande ni nini. Nilijitahidi kumweleza, tukaachana sote wawili hatujui.

Juzi tukarudi Nizwa na cheki. Nilijua nitasutwa. Basma kaitazama, kashika kichwa. "Mama, nilikuambia." Nikamwambia, "Umeniambia, mwanangu, na mie nimesikia, na miguu imenipeleka." Akacheka, msichana mzuri yule. Kisha akatulia, akageuza karatasi zake.

"Sawa. Hii si transfa tena. Ni pesa mpya. Kwa hiyo tunafungua akaunti mpya. Kwa jina la nani?"

"La dada yangu," nikasema. Nilisema hivyo kama mtu anayeomba kisichowezekana, nikingoja kukatazwa. Maana mpango wa Nassor ulikuwa jina langu juu, lako chini.

"Peke yake?"

"Peke yake. Ni mali yake."

"Inawezekana," akasema. "Tena ni afadhali. Ile transfa ingekuja kwa jina lako, mama, na jina la pili lisingemsaidia sana ukiwa... Mungu akuepushe. Hii mpya haina jina la mtu bado. Mwenyewe anafungua, inakuwa yake moja kwa moja, hakuna mtu wa kumuingilia."

Nikamtazama Nassor. Nassor kamtazama Basma. Sikuamini. Yaani kuharibu kwangu ndiko kulikotengeneza? Mpaka sasa sijui nijisifu au nijisute. Nikatoa kalamu, nikamwambia lete nisaini.

"Hapana, mama. Si wewe. Lazima aje mwenyewe. Na paspoti yake, na picha mbili, asaini hapa mbele yetu."

"Yuko Unguja."

"Basi atakuja," akasema, kama vile uko Bahla hapo, unangoja gari tu.

Tukatoka. Tumefika Izki, njiani, nikamwambia Nassor asimamishe gari pembeni. Akadhani ni moyo, akageuka rangi. Nikamwambia hapana, rudia alivyosema yule msichana, neno kwa neno, taratibu ili nifahamu. Akarudia: haandikiwi na mtu, haletewi na mtu, haaminiwi mtu badala yake, mwenye mali aje mwenyewe. Nikalia, Dada. Nililia pale barabarani, malori yakipita, na mwanangu kashika chupa ya maji hajui anipe au asinipe.

Kwa sababu mara tatu nimekuita. Mara ya kwanza Baba alipofariki, ukasema Rukia mdogo. Mara ya pili nilipomuoza mwanangu wa kwanza, ukasema shemeji mgonjwa. Mara ya tatu hukutoa sababu, uliandika mstari mmoja tu: "Nije kufanya nini, Zuwena, mie sina changu huko." Mstari ule nimeusoma mpaka karatasi imechanika mkunjoni. Sikujua niujibu vipi. Nilifikiri umeuandika kwa ajili ya lile gauni juu ya kitanda, na sikuwahi kukuuliza, wala wewe hukuwahi kulitaja. Zaidi ya miaka thelathini tumeandikiana habari za goti na bomba.

Leo najibu. Una chako huku. Kiko kabatini kwangu, chini ya kanga ulizoniletea kwa mahujaji. Nimekibandika karatasi iliyosainiwa na mashahidi wawili, majirani zangu wa kushoto na kulia, na wanangu wote wanne wametia saini zao, kwamba fedha hii si ya mama yao, ni ya Bi Moza wa Kikwajuni. Moyo ukikataa kungoja, usiwe na wasiwasi, haipotei. Lakini cheki nayo ina umri wake, Nassor kasema miezi sita, ikipita inakufa. Na hapana mtu anayeweza kukufungulia hiyo akaunti ila wewe mwenyewe, kwa miguu yako, na goti lako hilo. Nimeuliza mara mbili. Sheria zao zote sikuzifahamu, hii moja nimeifahamu.

Nassor atashughulikia viza na tiketi. Tiketi inatoka kwenye nusu yangu, usianze. Njoo kabla ya Ramadhani tufunge pamoja, kisha Idi tuile hapa, kisha kama ukitaka kunisindikiza hospitali unisindikize. Nitakupeleka kwa Basma utie saini. Nitakupeleka na kwa Ustadh Khalfan, ana hamu ya kumwona mtu mwenye nusu. Na nyuma ya ukuta wa barabara imebaki mitende mitatu ya Baba ambayo hawakuing'oa. Kwa hesabu yetu mmoja na nusu ni wako. Itabidi uje tukate shauri huo wa katikati tunaufanyaje.

Sikukuaga, Dada. Hilo limeshapita, na siwezi kulirudisha ndani kama ile cheki. Lakini kukupokea naweza. Niache nisimame kiwanja cha ndege nikupokee.

Nisalimie shemeji, mwambie kikohozi si sababu tena, naye nitamletea dawa. Nisalimie Rukia wako mwalimu wa skuli, aliyekuwa tumboni nilipoondoka, na wanafunzi wake. Nisalimie mama wa chuoni aliyetusomesha Kurani, kama bado anakumbuka yupi kati yetu alikuwa mtoro. Mpe pole jirani wa goti. Nassor anakuamkia, dada zake wanakuamkia, na Basma wa Nizwa, ambaye hujamwona, kaniambia nikupe shikamoo yake.

Mie mdogo wako asiyejua kuhama,
Zuwena

Nilisahau. Picha wanataka mbili, za paspoti, uso wote uonekane. Piga tatu. Hiyo ya tatu nitumie kwanza kwa posta, ili nikisimama kiwanjani nijue ni nani ninayemngoja.